Jaribio la Vimeng'enya Limegoma? Tafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Jaribio la vimeng'enya likigoma, kauli ya kwanza huwa ni ile ile: kimeng'enya kimekufa. Mara nyingi si kweli. Kimeng'enya si kiumbe cha kufa bali ni protini, na katika majaribio mengi yaliyogoma protini hiyo iko salama kabisa. Kilichoharibika ni kipimo, au maji hayajapata joto, au sabstrati, yaani molekuli ambayo kimeng'enya huifanyia kazi, haijakifikia. Ukimwaga kila kitu na kuchanganya upya bila kujua chanzo, utarudia kosa lile lile kwa kemikali mpya.

Kwanza tuelewane kuhusu eneo tendaji, maana karibu kila dalili hapa chini inarudi kwenye eneo hilo. Kimeng'enya ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa. Katikati ya mikunjo pana kishimo kidogo ambamo sabstrati huingia, hushikwa, hubadilishwa, kisha huachiwa. Kishimo hicho ndicho eneo tendaji. Chukua lisozaimu, kimeng'enya kilichomo kwenye machozi na kwenye ute wa yai la kuku, ambacho hubomoa kuta za bakteria. Ile ya yai ina asidi amino 129, lakini kazi yenyewe ya kukata hufanywa na mbili tu: ya 35 na ya 52. Ukiunyoosha mnyororo, hizo mbili ziko mbalimbali. Mkunjo ndio unaozikutanisha. Kwa hiyo kuharibu eneo tendaji hakuhitaji kuukata mnyororo popote. Mkunjo ukilegea tu, kazi imekwisha.

Kwa kila dalili, jiulize maswali manne kwa mpangilio huu. Je, kipimo kinasema kweli? Je, kimeng'enya na sabstrati vimekutana katika joto na pH (kipimo cha asidi na alkali) inayofaa? Je, eneo tendaji limezibwa? Je, mkunjo umeharibika? Swali la kwanza halikugharimu chochote zaidi ya tone moja. La mwisho usilifikie mpaka matatu ya mwanzo yamejibiwa, kwa sababu jibu lake likiwa ndiyo, hakuna cha kutengeneza; unachukua kimeng'enya kingine.

Dalili: Mate yamewekwa kwenye wanga, lakini iodini inabaki bluu-nyeusi

Iodini huwa bluu-nyeusi penye wanga, kwa hiyo rangi hiyo ikibaki, mate hayajauvunja. Hili ndilo lalamiko linalosikika kuliko yote, na mkosaji wa kawaida ni joto. Kipimajoto kwenye bika la maji kinaonyesha nyuzi 37, watu wanaridhika. Lakini kilicho ndani ya neli kinaweza kuwa bado kiko kwenye nyuzi 25, hasa kama wanga na mate vilichanganywa vikiwa baridi ndipo neli ikatumbukizwa. Tia kipimajoto ndani ya neli yenyewe. Kisha rudia kwa kupasha wanga peke yake na mate peke yake kwa dakika tano hivi, ndipo uvichanganye na kuanza kuhesabu muda. Kabla mkunjo haujaanza kulegea, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huipandisha kasi ya mmenyuko takriban maradufu, kwa hiyo upungufu wa nyuzi 12 si jambo dogo.

Joto likiwa sawa, angalia vipimo. Wanga mzito kama uji una molekuli nyingi kuliko uwezo wa mate uliyoweka. Myeyusho wa asilimia 1 unatosha, na kwa jaribio la haraka hata asilimia 0.5. Halafu kuna wale wanaozimua mate mara nyingi kwa maji yaliyokenekwa wakidhani usafi ni faida. Amilesi ya mate, yaani kimeng'enya kinachovunja wanga, huhitaji ioni za kloraidi ili ifanye kazi vizuri, na ioni za kalisi hulishikilia umbo lake. Ukizizimua kupita kiasi, kimeng'enya kipo lakini kinajikongoja. Punje chache za chumvi ya kawaida kwenye myeyusho hurudisha kasi.

Sababu ya tatu ni asidi. Amilesi ya mate hupenda pH ya karibu 6.8. Mtu aliyetoka kunywa kitu kichachu dakika mbili zilizopita anatema mate yenye asidi. Asukutue kinywa kwa maji, asubiri kidogo, ndipo atoe mate ya jaribio. Kumbuka kwamba pH ikishuka kwa namba 1 tu, ioni za haidrojeni zimeongezeka mara 10.

Mwisho kabisa ndipo umshuku kimeng'enya mwenyewe. Kipimo chake ni rahisi: kwenye neli ile ile iliyogoma, ongeza mate mapya. Bluu ikianza kufifia ndani ya dakika chache, wanga na pH vilikuwa sawa, na mate ya mwanzo ndiyo yaliyokuwa na kasoro. Labda yalipita kwenye maji ya moto mno. Isipofifia, tatizo liko kwenye neli.

Na usiwalazimishe watu wawili wapate muda mmoja. Jeni ya amilesi ya mate, AMY1, ina nakala nyingi kwa baadhi ya watu na chache kwa wengine, na kiasi cha kimeng'enya mdomoni hutofautiana kwa kufuata hilo. Mmoja akimaliza wanga kwa dakika mbili na mwenzake kwa nane, huenda wote wamefanya sawa. Linganisha neli za mate ya mtu mmoja tu.

Dalili: Bluu inapotea hata kwenye neli isiyo na kimeng'enya

Hapa kipimo ndicho kinachodanganya. Dalili hii ni hatari kuliko ile ya kwanza, kwa sababu mtu anayeipata hufurahi.

Kagua kwanza kama sampuli ilikuwa ya moto. Iodini hutoa bluu kwa kujipenyeza ndani ya mzunguko wa mnyororo wa wanga, na joto huitoa humo. Poza neli, bluu ikirudi, wanga ulikuwepo muda wote. Ndiyo maana sampuli hutonewa kwenye kigae cheupe chenye iodini iliyopoa, badala ya iodini kumiminwa kwenye neli iliyomo kwenye maji ya moto.

Ikiwa joto halihusiki, tafuta alkali. Iodini hubadilika ikikutana na alkali kama sodiamu haidroksaidi na kupoteza rangi yake. Matokeo yake ni ile grafu mashuhuri inayoonyesha kwamba amilesi ya mate inafanya kazi vizuri ajabu kwenye pH 11. Haifanyi. Iodini imeliwa na alkali, wanga haujaguswa. Ongeza tone la asidi hafifu kwenye sampuli kabla ya kupima, au weka neli ya pH hiyo hiyo isiyo na kimeng'enya uone kama nayo inapoteza rangi.

Vitamini C nayo huiondoa iodini rangi, kwa hiyo juisi ya tunda lolote si mahali salama pa kupimia wanga bila neli ya kulinganisha. Na kama hakuna kati ya hayo, pipeti iliyogusa mate imeingia kwenye chupa ya wanga. Hapo chupa nzima imeharibika, imwage.

Rangi ya hudhurungi-nyekundu, kati ya bluu na njano, si kosa. Ni dekstrini, vipande vya wanga vilivyokatwa nusunusu. Mmenyuko unaendelea, subiri.

Dalili: Iodini inasema wanga umekwisha, lakini Benedict inabaki bluu

Mara nyingi neli haikupata moto wa kutosha. Myeyusho wa Benedict, unaobadilika rangi kuonyesha sukari, unahitaji maji yanayokaribia kuchemka kwa dakika kama tano, si vuguvugu la jaribio la kimeng'enya. Pili, kama sampuli ina asidi, ile sodiamu kaboneti iliyomo ndani ya Benedict inamalizwa na asidi kabla ya kufanya kazi yake. Sawazisha asidi kwanza. Tatu, huenda wanga umefika hatua ya dekstrini tu na maltosi, sukari inayotokana na wanga, bado ni kidogo, na hapo rangi ya kijani hafifu ni jibu halali. Na ukumbuke kwamba sukrosi haiitiki kwa Benedict mpaka ivunjwe.

Tahadhari: neli inayopashwa moja kwa moja kwenye mwali hurusha kimiminika ghafla. Tumia bika la maji ya moto, na mdomo wa neli usielekee uso wa mtu yeyote.

Dalili: Haidrojeni peroksaidi haitoi mapovu

Katalesi, iliyomo kwenye ini, viazi na karibu kila seli inayotumia oksijeni, huivunja haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Ni miongoni mwa vimeng'enya vyenye kasi kubwa kabisa: molekuli moja huvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde. Mapovu yasipotokea kabisa, usianze na ini. Anza na chupa. Peroksaidi hujivunja yenyewe taratibu, na mwanga huiharakisha. Ndiyo sababu huuzwa kwenye chupa za kahawia. Iliyokaa wazi dirishani inaweza kuwa maji matupu. Mimina kidogo kwenye neli nyingine, tia chembe ndogo ya manganizi dioksaidi. Kimya? Tafuta peroksaidi mpya.

Peroksaidi ikiwa nzima, angalia kipande chako. Kipande kikubwa kisichokatwakatwa kina katalesi nyingi ndani yake na kidogo usoni, na peroksaidi hukutana na ile ya usoni tu. Kisage. Kama kilihifadhiwa kwenye siki au asidi nyingine, kioshe na ujaribu tena. Kugandishwa kwenye friji hakukiharibu kwa kawaida. Kinachokiharibu ni kuchemshwa.

Kuna toleo jingine la dalili hii: mapovu yanalipuka mwanzoni, kisha yanakoma ghafla. Ongeza peroksaidi mpya kidogo. Mapovu yakirudi, sabstrati ndiyo iliyokuwa imekwisha, na hapakuwa na tatizo. Yasiporudi, peroksaidi yako ni kali mno na imemharibu mvunjaji wake; katalesi ikizamishwa kwenye peroksaidi nyingi hupoteza uwezo. Shuka hadi asilimia 3 au chini yake.

Na la kinyume, linalochanganya watu zaidi: kipande kilichochemshwa bado kinatoa mapovu. Kwa kawaida kilichemka nje tu, ndani kikabaki kibichi, kisha kikakatwa na kufunua katalesi nzima. Chemsha vipande vidogo kwa dakika kumi. Kama bado, shuku kibanio: kwa kimeng'enya chenye kasi namna hiyo, alama ya ini bichi kwenye kibanio inatosha kutoa povu la kuonekana.

Dalili: Pepsini haigusi protini

Fupi: hakuna asidi. Pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini, hufanya kazi kwenye pH ya karibu 2. Kwenye maji matupu itakaa tu. Ongeza asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, na uwe na subira, maana ute wa yai uliogandishwa kwa moto huchukua muda mrefu zaidi ya wanga. Kama pepsini ilikwisha kukutana na alkali ya pH 8 au zaidi, mkunjo wake umevunjika na asidi haitaurudisha. Ukitaka kufanya kazi kwenye pH ya 8, chukua tripsini, kimeng'enya kingine cha kuvunja protini.

Dalili: Nimerudisha joto la kawaida, kimeng'enya hakirudi

Uliza kilikuwa wapi kabla. Kikitoka kwenye barafu, lazima kirudi. Baridi hupunguza mwendo wa molekuli na idadi ya zinazokutana, lakini haiharibu mkunjo. Kisiporudi, hakijapata joto bado, au neli ilibadilishwa na nyingine bila wewe kujua. Andika majina kwenye neli kabla ya kuanza, si katikati.

Kikitoka kwenye maji yanayochemka, usikisubiri. Bondi dhaifu zilizoshikilia mkunjo zimeachana, minyororo imejinyonganyonga na kushikana na jirani zake, na ukipoza inabaki hivyo hivyo, kama ute wa yai lililochemshwa usivyoweza kurudi kuwa maji.

Hata hivyo vitabu vinavyosema kwamba joto huharibu kimeng'enya daima vinakwenda mbali mno. Ribonukliesi ya kongosho, kimeng'enya kinachokata RNA, ni ndogo na imefungwa kwa madaraja manne ya salfa. Huchemshwa na bado hufanya kazi ikipoa. Christian Anfinsen aliikunjua kabisa kwa kemikali, akaiacha ijikunje yenyewe, nayo ikarudi kufanya kazi. Alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1972. Na kimeng'enya cha Taq, kutoka kwa bakteria wa chemchemi za moto, kinachapa kazi kwenye nyuzi 72. Ukikutana na kimeng'enya kinachokaidi moto, soma kinatoka kwa kiumbe gani kabla ya kusema jaribio limekosewa.

Dalili: Grafu haifanani na ya kitabu

Hapa ndipo ningependa watu watumie muda wao mwingi, kwa sababu grafu mbaya mara nyingi ni grafu sahihi iliyosomwa vibaya.

*Kasi imekoma kupanda ingawa sabstrati inaongezwa.* Hakuna kilichoharibika. Maeneo tendaji yote yameshikwa. Sabstrati ya ziada inasubiri zamu. Leonor Michaelis na Maud Menten walilieleza hili kwa hesabu mwaka 1913. Thibitisha kwa kuongeza kimeng'enya maradufu: kasi ya juu nayo itapanda maradufu.

*Kasi inashuka kadiri dakika zinavyopita.* Sababu ya kawaida ni sabstrati kupungua. Inayofuata ni mazao kujazana na kuanza kuingia kwenye eneo tendaji au kubadili pH. Ya tatu ni kimeng'enya kuharibika polepole kwenye joto la jaribio. Dawa ya zote tatu ni moja: pima kasi ya mwanzo, sekunde za kwanza ambapo mstari bado umenyooka, na uache sehemu iliyopinda.

*Kilele cha joto hakiko kwenye nyuzi 37.* Huenda uko sahihi. Kilele cha joto si alama iliyochongwa kwenye kimeng'enya. Ni matokeo ya mashindano kati ya kasi inayopanda na mkunjo unaoharibika, na uharibifu unahitaji muda. Ukipima kwa dakika moja, nyuzi 50 zinaweza kushinda. Ukipima kwa nusu saa, zitashindwa. Andika muda wa jaribio kando ya grafu, la sivyo namba yako haina maana kwa mtu mwingine.

*Kilele cha pH kimesogea.* Kagua bafa, yaani myeyusho unaoishikilia pH isibadilike, kabla ya kitu kingine. Bafa ya zamani huwa imenyonya kaboni dioksaidi ya hewani. Lakini elewa pia kwa nini kilele kipo. Kwenye lisozaimu, ile asidi amino ya 35 lazima iwe imeshika ioni yake ya haidrojeni na ya 52 iwe imeiachia. Asidi ikizidi, zote mbili zimeshika. Alkali ikizidi, zote zimeachia. Mkunjo unaweza kuwa mzima kabisa na bado eneo tendaji likawa halina nguvu. Ndiyo maana kimeng'enya kilichotolewa kwenye pH mbaya kiasi hurudi kikisawazishwa, na kile kilichotolewa kwenye pH kali mno hakirudi.

*Kasi iko chini kila mahali, bila sababu.* Shuku kizuizi, yaani molekuli inayokizuia kimeng'enya kufanya kazi. Ongeza sabstrati nyingi. Kasi ikirudi karibu na kawaida, kuna molekuli inayoshindania eneo tendaji kwa kufanana na sabstrati. Molekuli ya maloneti hufanya hivyo mbele ya suksineti, sabstrati inayofanana nayo, na ushindi hutegemea nani ni wengi. Kasi isiporudi hata ukimimina sabstrati, kizuizi hakishindani. Zebaki, fedha na risasi hushika salfa iliyo kwenye asidi amino ya sisteini na kupotosha umbo. Katika maabara ya kawaida chanzo huwa ni neli iliyotumika juzi kwa chumvi za shaba au fedha na kusuuzwa haraka. Osha vyombo, suuza kwa maji yaliyokenekwa, rudia.

Wanaofikiria eneo tendaji kwa mfano wa kufuli na ufunguo, alioutoa Emil Fischer mwaka 1894, hukwama wanapoona kimeng'enya kimoja kikipokea sabstrati zisizofanana sana. Daniel Koshland alirekebisha mwaka 1958: eneo tendaji hujirekebisha kidogo sabstrati inapoingia, mpaka vishikane barabara. Ukisoma matokeo yako kwa wazo hilo, vizuizi vingi huacha kuwa fumbo.

Hapa simama, mwite fundi wa maabara

Peroksaidi isiyojulikana ukali wake usiiguse. Ya asilimia 30 huunguza ngozi na kuifanya nyeupe, na ikichanganywa na ini hutoa joto na mvuke kwa ghafla. Kuizimua ni kazi ya fundi mwenye glavu na miwani ya kinga.

Usizibe kwa nguvu chombo chenye peroksaidi na katalesi, hata kwa sekunde chache za kutikisa. Oksijeni ikikosa njia, chombo hupasuka. Kama kizibo kimekwama na chombo kina joto, usijaribu kukifungua. Ondokeni karibu na mwite anayehusika.

Peroksaidi, asidi au sodiamu haidroksaidi ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kwa daktari hata kama maumivu yamepungua. Alkali huendelea kupenya baada ya maumivu kutulia.

Jaribio la vizuizi kwa chumvi za zebaki, risasi au sianidi halifanywi na mwanafunzi, wala mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki. Ukikuta chupa ya namna hiyo kabatini, au chupa yoyote ambayo lebo yake imefutika, iache ilipo na utoe taarifa.

Mate atoe kila mtu yake na ayashughulikie mwenyewe mpaka mwisho, pamoja na kuosha neli alizotumia. Mwenye homa au kidonda mdomoni asitoe. Kuna amilesi ya unga kwa kazi hiyo hiyo.